Hesabu ya Chumba Namba Tisa

Haya yalimpata mama yetu mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Wanaodai aliyatunga hawamjui. Mama Mdogo alikuwa dobi wa hospitali. Tangu alfajiri mpaka saa saba mchana alikuwa akiilisha mashine mashuka, akiyatoa, akiyapiga pasi, akiyapanga kwenye toroli la wodini. Akirudi nyumbani mikono inanuka sabuni na miguu haitaki kusikia habari ya mtu. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kutunga hadithi, anatafuta kitanda.

Kitanda chenyewe alikipata katika nyumba moja ya ghorofa, ya zamani, vyumba kumi na viwili vimezunguka ua mmoja. Jiko moja, mabafu mawili, bomba moja, na kamba za kuanikia nguo ambazo zilikuwa na siasa zake. Alihamia Jumapili asubuhi, na sanduku moja na godoro, akapewa chumba namba tisa, ghorofani. Hakukusudia kukaa. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza, na Mama Mdogo alikuwa amemwahidi kuwa naye siku ya kujifungua. "Mimi nilikuzaa peke yangu, nikiuma mto," alimwambia. "Wewe hutajifungua peke yako, labda niwe nimekufa." Alihesabu wiki mbili tatu tu, kisha achukue likizo, ahame moja kwa moja akalee mjukuu.

Aliyempokea ni mwenyekiti wa nyumba, mzee mmoja mwalimu mstaafu wa chumba namba moja, ambaye wote walimwita Mwalimu tu. Alimpeleka mpaka chini ya ngazi, penye ubao wa matangazo.

"Soma yote," alimwambia. "Usiruke."

Matangazo yote yalianza na "Wakazi wapendwa", kwa herufi za mashine ya chapa ya zamani. Ndoo zisiachwe bombani kushika foleni kwa niaba ya wenyewe. Atakayeoga aondoke na nywele zake. Redio isisikike zaidi ya mlango wa mwenye redio. Atakayekuta nguo za mwenzake zimekauka azikunje, asizitupe juu ya ukuta. Mama Mdogo alicheka. Huyu aliyeandika, alijisemea, ameishi na watu, amewachoka. Sheria ya tano ilisema wageni waondoke kabla ya hesabu, na kwamba mgeni atakayekutwa na hesabu atakuwa mkazi. Ya sita ilipanga zamu za kufagia ua.

"Hesabu gani hii, Mwalimu?"

"Jumamosi, saa nane mchana. Mhesabu anapita, anauliza, unajibu. Mlango usifungue." Alisema hivyo kama mtu anayekuelekeza choo kilipo, na Mama Mdogo akayapokea hivyo hivyo. Kila nyumba ina vituko vyake.

Wiki ile ilikwenda vizuri. Alizoeana na jirani yake wa namba nane, kinyozi mmoja mcheshi aliyesema kwamba kichwa cha mtu humweleza yote kabla mdomo haujafunguka. Ijumaa jioni tangazo jipya likabandikwa: "Marekebisho ya sheria ya tano. Mkazi atajibu hesabu kwa idadi tu." Jumamosi Mama Mdogo alirudi kutoka kazini amechoka hata kope zinamlemea. Alipita mbele ya ubao bila kugeuza shingo, akapanda, akafunga mlango, akalala na gauni la kazi.

Usingizini alisikia hatua kwenye korido, kama za mtu aliyevaa kandambili zilizolowa maji. Zilisimama, zikaenda, zikasimama. Zilipofika kwake ziliganda.

"Mpo?"

Sauti haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini. Na Mama Mdogo alijibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu. Mtu aliye peke yake ndani akiulizwa "mpo?", hasemi "nipo". Anasema "tupo". Ni adabu, ni mazoea, na kwa mwanamke anayeishi peke yake ni kinga pia, anayepita nje asijue kwamba ndani hakuna wa kumsaidia.

"Tupo," alisema, akageukia ukutani.

Nje ya mlango kalamu ikaandika. Aliamka saa kumi, jua likiwa limeingia mpaka katikati ya chumba, akaona mto umebonyea sehemu mbili. Alidhani amelala vibaya.

Jumapili orodha ilikuwa ubaoni. Namba moja, mkazi mmoja. Namba mbili, wakazi watatu. Akashuka na kidole mpaka kwake. Chumba namba tisa, wakazi wawili.

Kinyozi alikuwa uani akisafisha mashine yake kwa brashi ya meno.

"Jirani," Mama Mdogo alimtania, "mmeniozesha bila hata kunionyesha bwana harusi?"

"Kwani?"

"Si hapo nimeandikwa wawili."

Kinyozi akaacha kusugua. "Ulijibu nini jana?"

"Nilijibu tupo. Nijibu nini tena?"

"Hukusema mmoja?"

"Nani anaulizwa mpo halafu anasema mmoja, kama yuko gwaride?"

"Sisi wote, dada," alisema Kinyozi, sasa kwa sauti ya chini. "Humu ndani sisi wote tunataja idadi."

Akaenda kwa Mwalimu. "Shikamoo Mwalimu, naomba unirekebishie pale ubaoni, kuna makosa madogo." Mwalimu aliitikia marahaba, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alimwambia kwamba yeye habandiki chochote. Alipohamia aliyakuta matangazo, akadhani ni ya mwenye nyumba. Miaka mingi baadaye alimuuliza mwenye nyumba, kumbe yule naye alidhani ni ya Mwalimu.

"Na huyo anayehesabu?"

"Sheria inasema mlango usifunguliwe," alisema mzee. "Sijawahi kuufungua."

Mama Mdogo alitoka pale na hasira zaidi ya hofu. Hasira ilimfaa kwa siku tatu. Zamu mpya za kufagia zilipotoka, chumba namba tisa kilikuwa na siku mbili: mkazi wa kwanza Jumatatu, mkazi wa pili Alhamisi. Jumatatu alifagia. Alhamisi alikwenda zake kazini. Aliporudi mchana aliukuta ua umefagiwa hata punje ya mchanga haikubaki, na Kinyozi amesimama mlangoni kwake amenuna.

"Dada, tumekosana?"

"Kwa lipi tena?"

"Asubuhi nimekusalimia mara tatu ukiwa unafagia. Umenipa mgongo tu."

"Asubuhi nilikuwa hospitali, jirani."

Kinyozi alicheka kidogo, akamtazama usoni, akaacha kucheka. Mama Mdogo akapanda chumbani. Juu ya meza yake palikuwa na vikombe viwili vimeoshwa na kupinduliwa, bado vinachuruzika maji.

Jumamosi ya pili hakulala. Alikaa kitandani, mgongo ukutani kabisa, wima kama mtahiniwa. Alisikia kandambili zikipanda ngazi. Zikaja. Zikasimama.

"Mpo?"

"Mmoja," alisema. Alilitamka kwa nguvu.

Kalamu haikuandika. Alingoja. Halafu nyuma yake, kati ya mgongo wake na ukuta, mahali ambapo hata shuka lisingepita, sauti ikajibu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nzito kwa usingizi, vile vile alivyosema wiki iliyopita.

"Tupo."

Kalamu ikaandika.

Aliruka, akafungua sanduku, akatupia nguo zilizo karibu na mkono. Chini ya ngazi tangazo jipya lilikuwa limeshabandikwa, gundi bado mbichi. "Wakazi wapendwa. Kuanzia leo mkazi hatahama bila ridhaa ya wenzake wa chumba. Ridhaa itatolewa kwa mdomo, wakati wa hesabu. Ahsanteni kwa ushirikiano wenu." Mama Mdogo akasonya, sonyo refu la mwanamke aliyezaa. Akabeba sanduku, akavuka ua, akaliona geti liko wazi, akaiona barabara, mwanamke mmoja anapita na mwavuli. Akanyanyua mguu kutoka.

Ukatua mlangoni pa chumba namba tisa, ufunguo mkononi.

Akashuka tena. Akarudi tena. Mara ya tatu aliacha sanduku, akaenda na malapa ya bafuni kama mtu anayekwenda tu dukani. Geti. Barabara. Mlango wa namba tisa. Wapangaji wengine waliingia na kutoka, wakipishana naye, wakiinamisha macho. Kinyozi ndiye pekee aliyejitolea. "Nipe mkono, dada. Mimi nikishika kichwa cha mtu hakitikisiki, sembuse mkono." Walishikana mikono, wakavuka ua pamoja, wakapita getini pamoja. Baada ya dakika moja Kinyozi alipanda ngazi mbio, akamkuta mlangoni kwake. Mkononi Kinyozi alikuwa amebaki na mtandio wa Mama Mdogo tu.

"Sijakuachia," alisema huku machozi yanamtoka. "Haki ya Mungu, sijakuachia."

Basi akawa mfungwa wa mita nne kwa tatu, na ua, na ngazi. Hospitali alituma taarifa kwamba anaumwa. Kinyozi alimletea mkate na chai, akiviacha kizingitini bila kuangalia ndani. Mama Mdogo alilala chini, kitanda akakiacha, na kila asubuhi alikikuta kimelaliwa upande mmoja. Hakuguswa. Hakuumizwa. Siku moja alishona kishikizo cha gauni, akakata uzi na kuliweka kando. Alipolichukua tena vishikizo vyote vilikuwa vimekazwa upya, kwa uzi ule ule, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anajifunza.

Kilichomuuma kilikuwa simu. Binti yake alipiga kila jioni.

"Mama, likizo si imeanza?"

"Wameniongezea kazi, mama. Vuta subira."

"Daktari anasema siku yoyote baada ya wiki mbili. Uliniahidi."

"Nitakuja."

"Basi mimi nije huko nikufuate."

"Usije!" Alipayuka mpaka Kinyozi akagonga ukuta kuuliza kama ni mzima. "Usije, mwanangu. Huku kuna homa. Usije kabisa." Sheria ya tano aliijua sasa kwa moyo. Mgeni atakayekutwa na hesabu.

Jumamosi ya tatu aliamua kuomba. Sauti ilipouliza "mpo?" alijibu "wawili", maana kukataa kulikuwa hakuna faida tena. Akamalizia, "Naomba ridhaa nihame. Binti yangu anakaribia kujifungua. Nimemwahidi."

Mhesabu akangoja nje. Mama Mdogo akangoja ndani. Sikioni mwake, karibu mno, sauti yake mwenyewe ikanong'ona.

"Nitabaki na nani?"

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Vitisho angevijibu kwa matusi, alikuwa nayo ya kutosha. Lakini lile swali halikuwa na hasira ndani yake. Lilikuwa swali la mtu aliyekaa peke yake miaka mingi mpaka siku moja mwanamke mchovu akamtaja.

Katikati ya wiki iliyofuata binti alipiga simu, Mama Mdogo akamwambia, kama kawaida, "Nipo mzima, mwanangu."

"Mama, uko na nani hapo?"

"Peke yangu."

"Mbona kuna mtu kasema tupo wazima?"

Mama Mdogo akakata simu. Hakuipokea tena, na hilo lilikuwa kosa lake la pili.

Jumamosi ya nne, saa nane kasoro robo, mlango ukagongwa.

"Hodi!"

Aliijua sauti. Alifungua, akamwona binti yake amesimama koridoni, tumbo mbele, jasho usoni, viatu mkononi kwa sababu havimwingii tena.

"Rudi," alisema Mama Mdogo.

"Mama!"

"Rudi sasa hivi. Shuka, toka getini, usigeuke nyuma."

"Nimesafiri kwa saa tano nzima. Miguu imevimba. Nipishe nikae." Akampita, akakaa kitandani, upande ule uliobonyea. Mama Mdogo akamvuta mkono, binti akaukaza mwili kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. "Siondoki bila wewe. Umekonda, chumba kinanuka, simu hupokei. Unaumwa nini, mama? Niambie ukweli."

Akamwambia. Alimwambia haraka, maneno yanagongana, tupo, hesabu, geti, ridhaa. Binti alimtazama vile watu wanavyomtazama mtu aliyechanganyikiwa, kwa huruma.

"Sawa," alisema kwa upole. "Basi twende wote wawili. Nishike."

Chini, kandambili zilikanyaga ngazi ya kwanza.

Zilikuwa zimewahi. Au saa ya ukutani ilikuwa imechelewa. Kumtoa sasa ni kumkutanisha nazo koridoni. Mama Mdogo akafunga mlango, akazungusha ufunguo, akakaa upande wa kulia wa binti yake. Mkono mmoja akamziba mdomo. Mwingine akamkamata kifundo cha mkono.

"Usijibu. Chochote utakachosikia. Usijibu."

Mlango wa kwanza wa ghorofani.

"Mpo?"

"Mmoja."

Mlango wa pili.

"Mpo?"

"Wawili."

Binti aliacha kujitoa. Alikuwa ameisikia ile sauti.

"Mpo?"

"Mmoja," alijibu Kinyozi, ng'ambo ya ukuta, kama mtu anayesali.

Kandambili zikasogea. Maji yakaingia chini ya mlango, kidogo, michirizi miwili.

"Mpo?"

"Wawili," alisema Mama Mdogo. "Wawili, na mgeni anaondoka."

Kisha sauti yake mwenyewe, kutoka upande wa kushoto wa kitanda.

"Wanne."

Mama Mdogo aligeuka. Hapakuwa na mtu. Lakini mkono wa kushoto wa binti yake ulikuwa umenyanyuka juu ya shuka, unaning'inia hewani, na ngozi ya kifundo ilikuwa imebonyea. Alama za vidole. Vinakaza.

Kalamu ikaandika. Wanne. Yeye, yule, binti, na aliye tumboni.

Kuna wakati hofu ikimjaa mtu inamwagika, chini yake panabaki pakavu. Mama Mdogo alifika pale. Aliuondoa mkono mdomoni mwa binti, akauambia mlango:

"Naomba ridhaa. Wawili wanahama. Huyu na mtoto wake."

"Ridhaa?" aliuliza Mhesabu.

"Mimi nimeridhia," alisema Mama Mdogo.

Wakangoja. Shuka likajikunja upande wa kushoto, kama mtu anajisogeza karibu zaidi na mwenye mimba.

"Nitabaki na nani?"

Mama Mdogo alimtazama binti yake. Alilitazama tumbo. Alitaka kumbeba mtoto yule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, kumwogesha, kumpaka mafuta, kumlalamikia mama yake kwamba hamfuniki vizuri.

"Na mimi," alinong'ona. "Utabaki na mimi. Sitaomba tena kuhama."

"Kweli?"

"Kweli. Mwachie."

"Mama, hapana," alisema binti. "Mama, usi..."

"Nimeridhia," sauti ilisema.

Kalamu ikaandika.

Binti alijikuta barabarani, pekupeku, juani. Watu wanapita. Vifundo vyote viwili vya mikono vilikuwa vinamuuma. Alirudi getini akipiga kelele, akavuka ua, akapanda zile ngazi na tumbo lake, akahesabu milango. Sita. Saba. Nane. Kumi. Kati ya nane na kumi palikuwa na ukuta, rangi yake imebabuka kama ya kuta nyingine, na Kinyozi amesimama mbele yake ameuwekea viganja viwili, analia bila sauti. Ubaoni, hata hivyo, orodha ya wiki ilikuwa imeshabandikwa. Chumba namba tisa, wakazi wawili. Ahsanteni kwa ushirikiano wenu.

Sisi wa familia tulikwenda, tena na tena. Tuligonga ule ukuta, tukamwita. Wajomba walikuja na nyundo, wakabomoa, wakatokea chumbani kwa Kinyozi. Mwalimu alihama mwezi ule ule. Alikuwa mmoja chumbani kwake, hakuwa na wa kumwomba ridhaa.

Binti alijifungua siku ya nane tangu Jumamosi ile, asubuhi, mume wake yuko safarini, wodi imejaa, wauguzi wawili tu. Lakini anasema hakuwa peke yake. Kila uchungu ulipopanda, kifundo cha mkono wake wa kulia kilikamatwa kwa nguvu, na uchungu ulipoteremka, kikalegezwa. Ilikuwa hivyo mpaka mtoto akalia. Alijua ni nani. Anasema alimwita kwa jina, akamshukuru.

Alama zile hazijafutika. Mtoto sasa ana miaka sita, wa kike, mtundu, na mama yake humpakata na kumwonyesha mkono wa kulia: hiki kidole gumba cha bibi, hivi vinne vingine, hapa alinishika. Mtoto anavibusu.

Mkono wa kushoto hauonyeshi. Anavaa mikono mirefu hata wakati wa joto kali, na tukimuuliza anasema ni mazoea. Mwaka jana nilimkuta akiosha vyombo, amejisahau, amekunja mikono yote miwili ya gauni. Vidole ni vya ukubwa ule ule kabisa, ila kidole gumba kiko upande usio wake. Na alama hizo hazikuwa kwenye kifundo. Zilikuwa zimeshapita kiwiko.